Kivuli cha Milima Si Usiku: Jibu kwa Wanaopinga Kukokotoa Utusitusi wa Kasenyi

Hoja mmezisikia, na zimerudiwa mara nyingi hadi zinaonekana kama ukweli. Kila inapotajwa kazi ya kukokotoa mwangaza wa anga la Kasenyi, kando ya ziwa jimboni Ituri, mashariki mwa Kongo, jua linapozama na linapokaribia kuchomoza, ili kompyuta iigize usiku mzima wa kutazama nyota kabla mtu hajabeba darubini, majibu ni yaleyale. Ikweta haina utusitusi. Saa ya mkononi inatosha. Modeli ya Chile ipo tayari, tuichukue. Tena utusitusi si wakati wa kazi. Nimezisikiliza kwa makini na nimezipigia hesabu moja baada ya nyingine. Nitazieleza kama wenyewe wanavyozieleza, kisha nitaonyesha zinapovunjika. Uamuzi ni wenu, wasomaji.

Tuanze na ile inayobeba nyingine zote. Wanasema: Kasenyi iko digrii 1.4 tu kaskazini mwa Ikweta, jua linashuka wima, kwa hiyo mchana unakatika na usiku unaingia papo hapo. Katikati hakuna kitu cha kupigia hesabu. Sehemu ya kwanza ni sahihi kabisa. Jua letu hushuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, sawa na digrii moja kila dakika nne. Sasa twende nao kwa hesabu yao wenyewe. Wanaastronomia huhesabu kwamba usiku umekamilika jua likifika digrii 18 chini ya upeo wa macho, kwa kuwa hapo ndipo mwanga wake unapoacha kuongeza kitu cha maana juu ya utosi. Gawanya digrii hizo kwa mwendo wa jua: Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana, unapata dakika 69 tangu ukingo wa juu wa jua upotee. Juni 21 unapata dakika 75. Hiyo ni saa nzima na zaidi kila jioni, na nyingine kama hiyo kila alfajiri. Ukilinganisha na Brussels, ambako mwishoni mwa Juni jua halifiki hata digrii 16 chini ya upeo na usiku kamili haupatikani kabisa, ni kweli utusitusi wetu ni mfupi. Lakini ufupi si kutokuwepo.

Tena ufupi huo ndio unaoliangusha hitimisho lao. Jua likiwa kati ya digrii 6 na 12 chini ya upeo, anga la utosini hupoteza daraja moja la ung'avu, au zaidi kidogo, kwa kila digrii jua linayoshuka. Na daraja moja ni tofauti ya mara mbili na nusu. Kwetu digrii hiyo hupita kwa dakika nne, wakati Ulaya ya kaskazini jua huteleza kwa mshazari na digrii ileile huchukua muda mrefu zaidi. Anayekosea dakika nne Kasenyi amekosea mwangaza mara mbili na nusu. Anayekosea dakika hizohizo Brussels amekosea kidogo kuliko hapo. Kitu kinachobadilika haraka ndicho kinachohitaji hesabu makini zaidi. Wao wanaichukua kasi, ambayo ni sababu ya kukokotoa, wanaifanya kuwa sababu ya kutokokotoa.

Hapa watajibu kwa ushahidi wa macho, na ushahidi huo unastahili heshima. Mtu yeyote aliyekaa ufukweni Kasenyi ameona jua likitoweka mapema, kivuli na ubaridi wake vikishuka ilhali kalenda inasema jua bado. Ushuhuda huo naukubali wote. Ninachokataa ni maana wanayoupa. Kasenyi iko chini, kando ya ziwa lenye kimo cha mita 620 hivi kutoka usawa wa bahari. Bunia iko juu kwenye uwanda, karibu mita 1,275. Barabara ya kutoka Bunia hupita Bogoro, kisha huteremka ukingo wa bonde la ufa mpaka ziwani, na ukingo huo pamoja na Milima ya Bluu uko magharibi, jua linakozama. Mlima unaopanda mita 800 juu ya macho yako, ukiwa kilomita kumi kutoka ulipo, hufunika karibu digrii nne na nusu za anga. Kwa mwendo wa jua letu, hizo ni dakika 18. Kwa dakika zote hizo jua limejificha nyuma ya mlima, kuzama halijazama.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji chombo. Simama ufukweni wakati huo, wanawake wakiwa bado wanageuza samaki kwenye vichanja, halafu utazame mashariki badala ya magharibi. Kivuli kinafika kwenye vichanja, kinapanda mitumbwi iliyovutwa mchangani, kinaingia majini na kuelekea ng'ambo. Huko ng'ambo, kwenye kuta za bonde upande wa Uganda, jua bado linawaka juu ya miamba. Inua macho: utosini hakuna nyota hata moja, anga ni la bluu ya mchana. Kama usiku umeshaingia, nani anaiwasha Uganda?

Mwangaza wa anga hautawaliwi na mlima ulio mbele yako. Unatawaliwa na hewa iliyo juu sana ambayo jua bado linaifikia. Jua likiwa digrii 6 chini ya upeo, mpaka wa kivuli cha Dunia uko kilomita 35 hivi juu ya utosi wako; likiwa digrii 12, uko kilomita 140; likiwa digrii 18, umepita kilomita 320. Hewa yote iliyo juu ya mpaka huo inapokea jua na kuutawanya mwanga wake kuja kwetu, na kadiri mpaka unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyembamba na mwanga unavyozidi kupungua. Milima ya Bluu haifiki hata kilomita tatu kutoka usawa wa bahari. Katika mchezo huu haina sauti.

Kuna mgongano mwingine ambao hawajauona. Watu haohao wanaosema jioni haina utusitusi watakuambia kwamba alfajiri wavuvi huiona njia ya kurudi muda mrefu kabla ya jua kutoka. Ni kweli, huiona, kwa kuwa mashariki ya Kasenyi ni maji, na kuta za Uganda ziko mbali mno kuficha kitu cha maana. Lakini utusitusi wa asubuhi na wa jioni ni kitu kimoja kinachotembea pande mbili. Muda wake katika siku moja ni uleule. Ukikubali alfajiri umeshaikubali jioni. Kinachotofautisha pande hizo mbili ni mlima, na modeli inayofaa lazima itenganishe mambo hayo: jambo la kwanza ni jua kuonekana au kutoonekana kutoka ufukweni, la pili ni kina lilichofikia chini ya upeo halisi. Asiyeyatenganisha atadhani anapima anga kumbe anapima kilima.

Hoja ya saa inakuja ikiwa imevaa vizuri zaidi. Inasema mchana wetu haubadiliki, kwa hiyo chukua saa moja ya jua kuzama uitumie mwaka mzima. Na kwa hakika Kasenyi ina bahati: saa ya mashariki mwa Kongo imefungwa kwenye longitudo 30, nayo Kasenyi iko karibu digrii 30.4 mashariki, kwa hiyo saa ya ukutani na jua la wastani havipishani hata dakika mbili. Urefu wa mchana nao hautofautiani kwa zaidi ya dakika kumi hivi kati ya Juni na Desemba. Mpaka hapo wako salama. Lakini walichokithibitisha ni kwamba mchana haurefuki. Hawajathibitisha kwamba hausogei. Njia ya Dunia kuzunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, na mambo hayo mawili hulisogeza adhuhuri ya kweli mbele na nyuma ya saa. Mwanzoni mwa Novemba jua huzama Kasenyi saa kumi na moja na dakika 44 jioni. Katikati ya Februari huzama saa kumi na mbili na dakika 14. Nusu saa nzima, mahali ambapo mchana "haubadiliki". Sasa chukua saa kumi na mbili na nusu ya jioni, saa yao moja ya mwaka mzima. Novemba, wakati huo jua liko karibu digrii 12 chini ya upeo; Februari halijafika hata digrii 5. Anga la Februari dakika hiyo ni angavu zaidi ya mara mia tano kuliko la Novemba. Mwigo uliojengwa juu ya saa hiyo utafungua darubini mchana.

Wengine wanakubali kwamba saa husogea, ila wanataka jedwali la Kampala, ukiondoa saa moja, liwe letu pia, kwani sisi na Uganda tunashirikiana ziwa. Saa moja wanayoiondoa imewekwa na serikali mbili. Wanachokisahau kimewekwa na Dunia yenyewe: Kampala iko zaidi ya digrii mbili mashariki yetu, na digrii mbili na kidogo ni dakika nane na nusu. Baada ya kuondoa saa yao, jedwali linawaambia jua limezama dakika nane na nusu kabla halijazama. Kwa kiwango tulichokwisha kukitaja, kosa hilo linafika mara saba ya mwangaza katikati ya utusitusi. Na kumbukeni, hawa ndio waliosema giza letu huingia ghafla. Kama ni ghafla kiasi hicho, dakika nane na nusu zilipaswa kuwatisha kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa hoja ambayo ni ya kitaaluma, na ambayo naichukulia kwa uzito kuliko zote. Inasema: kazi imeshafanywa. Ferdinando Patat na wenzake walichapisha mwaka 2006 vipimo vya mwangaza wa utusitusi wa Paranal, Chile, kwa vichujio vitano vya rangi. Stefan Noll na wenzake walitoa mwaka 2012 modeli ya anga la usiku la Paranal. Mwaka 2016 Peter Yoachim na wenzake waliiunganisha modeli hiyo na sehemu ya utusitusi kwa ajili ya mwigo wa darubini kubwa ya kituo ambacho leo kinaitwa Vera Rubin. Kwa nini Ituri ianze upya?

Ninajibu kwa kuwaomba wasome walichokitaja. Sehemu ya utusitusi ya modeli ya Rubin haikuletwa kutoka mbali. Ilikadiriwa kwa picha za kamera ya anga zima iliyowekwa Cerro Pachón, kwenye mlima wenyewe wa darubini. Watu wa Pachón walikuwa na Paranal nchini mwao, jirani kuliko Chile ilivyo kwetu, na bado hawakuridhika na nambari za jirani. Mfano wanaotuletea ili tusipime ni mfano wa watu waliopima.

Na walikuwa na sababu. Paranal iko mita 2,635 juu, katikati ya jangwa la Atacama, mojawapo ya mahali pakavu kuliko pote duniani. Kasenyi iko mita 620, miguu ikiwa majini. Sisi tuna mvuke wa ziwa, mawingu ya jioni yanayojipanga juu ya ukingo wa bonde, na moshi wa mbuga zinazochomwa wakati wa kiangazi. Moshi unapunguza mwanga wa nyota na papo hapo unautawanya mwanga wa jua kwa namna ambayo hewa safi haifanyi, hasa chini karibu na upeo. Chembe za juu zaidi nazo zina kazi yake: mlipuko wa Pinatubo wa Juni 1991 ulibadilisha rangi na nguvu ya machweo duniani kote kwa muda mrefu, kwa sababu salfa yake ilifika kwenye angahewa ya juu. Nyamulagira, kusini yetu huko Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa volkano zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi kuliko zote. Kwa kawaida gesi yake haipandi hadi huko juu, lakini anayetaka kukokotoa anga la mashariki mwa Kongo kwa nambari za jangwa lisilo na moshi wetu lazima atueleze ameiweka wapi.

Kipo cha kuchukua kutoka nje, na tukichukue bila aibu. Jiometria ya kivuli cha Dunia ni moja kila mahali. Fizikia ni moja pia: E. O. Hulburt alionyesha mwaka 1953 kwamba bluu ya utosini wakati wa utusitusi hutokana hasa na ozoni inayomeza sehemu ya rangi ya machungwa na nyekundu, na ozoni haiulizi pasipoti. Mwanga wa mwezi unaweza kukokotolewa kwa njia ya Krisciunas na Schaefer ya mwaka 1991, inayotumika kwingi. Muundo wa modeli tuuazime. Viwango vya hewa yetu tuvipime wenyewe.

Kuna kosa dogo linalopita kimyakimya: kwamba ukishajua anga hupoteza daraja moja kwa digrii, unachora mstari mmoja ulionyooka mpaka digrii 18. Ukifanya hivyo utapata anga lenye giza mara makumi kuliko anga lolote jeusi la asili. Baada ya digrii 12 hivi mchoro hupinda na kulala, kwa sababu chini ya mwanga wa jua kuna sakafu: mng'ao wa angahewa yenyewe, nyota zisizoonekana moja moja, na taa za watu. Modeli inajumlisha vyanzo, haiongezi urefu wa rula.

Sambamba na hilo ni dai kwamba nambari moja ya utosini inatosha kwa anga lote. Mtu aliyewahi kutafuta nyota jioni anajua kwamba magharibi huchelewa na mashariki hutangulia. Modeli ya Rubin huulizwa mambo matatu: kina cha jua, urefu wa mahali unapotazama, na umbali wake kutoka upande wa jua. Kwetu kuna la nne ambalo haliruhusiwi kusahaulika. Karibu na Ikweta njia ya jua kati ya nyota husimama karibu wima juu ya upeo, na mwanga wa zodiaki, yaani vumbi la anga za mbali linaloangazwa na jua, husimama nayo kama mnara mweupe baada ya utusitusi na kabla yake. Waislamu wa pwani na wa bara wanaufahamu tangu zamani kwa jina la alfajiri ya uongo, na wamefundishwa kutoanza kufunga kwa ajili yake: ule husimama wima, alfajiri ya kweli hutanda kwa upana. Mpimaji asiyeuondoa mwanga huo kwenye hesabu atasema utusitusi wa Kasenyi unaendelea wakati umeshakwisha. Elimu ya kutofautisha mianga hii miwili imeishi misikitini karne nyingi. Inashangaza kuambiwa leo kwamba hapana kitu cha kutofautisha.

"Hata hivyo," wanasema, "darubini hufunguliwa usiku, utusitusi ni wa kusubiri." Hili lingekuwa kweli, asteroidi 2020 AV2, ya kwanza kujulikana inayozunguka ndani kabisa ya njia ya Zuhura, isingegunduliwa Januari 2020 na kamera ya kituo cha kutazamia nyota cha Palomar iliyokuwa ikitafuta katika utusitusi. Wala 2021 PH27, inayozunguka jua kwa siku 113 hivi, isingeonekana Agosti 2021 katika utusitusi wa Chile. Vitu vilivyo karibu na jua havipatikani usiku wa manane; viko karibu na jua. Utusitusi huohuo ndio wakati wa kupiga picha za anga tupu zinazosawazisha kamera, na hapo mwangaza lazima uwe wa kadiri: ukizidi, picha inaungua, ukipungua, nyota zinaingia. Dirisha hilo kwetu ni la dakika chache, kwa sababu ya ile kasi waliyoitaja wenyewe.

Na mwezi mwandamo je? Hilali huonekana au kutoonekana kwa ushindani kati ya mwanga wake na mwanga wa anga nyuma yake. F. Bruin aliupigia hesabu ushindani huo mwaka 1977, na B. D. Yallop akaujengea kanuni mwaka 1997: wakati bora wa kutazama ni baada ya sehemu nne za tisa za muda kati ya kuzama kwa jua na kuzama kwa mwezi. Anayetazama kutoka ufuko wa Kasenyi anaweza kuufikia wakati huo akakuta hilali iko nyuma ya mlima, wakati aliyepanda hadi Bogoro anaiona. Wawili hao watatoa ushuhuda unaopingana bila yeyote kusema uongo. Modeli yenye mlima ndani yake ingewaambia mapema nani asimame wapi.

Hoja ya mwisho ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo inayoniuma. Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Watu wanakimbia vijiji. Usiku si wa kutembea. Vifaa ni ghali. Mambo ya anga ni ya wenye amani. Hali hiyo sitaipunguza hata neno moja. Lakini angalieni hitimisho. Mtu asiyeweza kutoka usiku ndiye hasa anayehitaji mwigo, kwa kuwa mwigo humpa usiku wa kusomea ndani ya nyumba yake. Na kipimo cha kuurekebisha hakidai safari: kamera moja ya kawaida ndani ya ua, imefungwa mahali isitikisike, ikitazama juu, uwazi wa lenzi na unyeti vikiachwa bila kuguswa, picha ghafi kila dakika, muda wa kupokea mwanga ukiandikwa. Nyota zikishatokea, zile zenye ung'avu unaojulikana ndizo zinazotoa kipimo cha picha zote zilizotangulia. Hata jioni ya Februari kazi imekwisha kabla ya saa moja na nusu usiku.

Picha hizo zitaweza pia kunikanusha mimi. Ninatabiri kwamba siku mchana na usiku vinapolingana, anga likiwa halina mawingu wala mwezi, dakika 45 baada ya jua kuzama kwa hesabu, si kwa mlima, utosi wa Kasenyi utakuwa bado na mwanga wa jua unaopimika, na kwamba utaendelea kufifia hadi karibu dakika ya 69. Wanaosema usiku wetu huingia papo hapo waandike nao nambari yao kabla kamera haijawashwa.